Safari ya Pigo Moja la Ngoma

Kitendawili!

Tega.

Nazaliwa ngozini, nafia unyayoni.

Naona mnatazamana. Basi nipeni mji. Mombasa? Nimeukataa, kelele za matatu zitanipotezea jibu. Lamu? Mbali mno. Nipeni Chale. Haya, nimekwenda Chale. Nimeshuka kusini mwa Diani, nimeipita Kaya Kinondo, nimefika pwani nikakuta maji yametoka na watu wanavuka kwenda kisiwani. Nimekaa chini ya mwembe, nimekula wali wa nazi na changu wa kupaka. Jua lilipozama nikaona wazee wamekoka moto na kuzisogeza ngoma zao karibu, ili ngozi zikauke na kukaza. Hapo jibu likatoka lenyewe: pigo la ngoma. Huzaliwa pale kiganja kinapogusa ngozi, hupita hewani, sikioni na ubongoni, na hufia pale unyayo unapokanyaga mchanga.

Safari yote hiyo haimalizi sekunde moja. Nataka tuifuate hatua kwa hatua, kwa sababu njiani limo jambo ambalo mimi silichoki hata nikilisimulia mara ngapi. Pigo hilo hilo moja huingia katika vichwa vya watu mia wasiojuana, na likitoka huwa limeanza kuwafanya wenyeji.

Tuseme leo kuna arusi Chale, na inachezwa sengenya, ngoma ya Wadigo. Mpiga zumari mashavu yamemvimba. Sauti yake haikatiki, maana anavuta pumzi kwa pua huku akiisukuma ile iliyobaki mdomoni. Upatu unalia. Akina mama wanatikisa kayamba, lile bapa la mabua lililotiwa mbegu ndani. Chapuo inasema haraka haraka, na chini yao wote vumi inanguruma polepole.

Pembeni amesimama msichana wa miaka 12. Amehamia juzijuzi kutoka Voi, mamake amepata kazi ya ualimu huku. Kidigo hakijui, na hapo uwanjani hana rafiki hata mmoja. Bibi mmoja mwenye leso kichwani amemwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejibanza ukutani?"

"Ngoma hii siijui, bibi."

"Na nani kakuuliza kama waijua? Sogea."

Hajasogea. Tumwache hapo kidogo, tulifuate pigo.

Kiganja kimeshuka juu ya vumi. Ngozi imetetema, hewa imesukumwa, na msukumo huo unakimbia takriban mita 340 kwa sekunde. Ikiwa msichana yuko mita 34 kutoka kwa mpigaji, utamfikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikioni mwake unakuta ngozi nyingine iliyowambwa, nyembamba sana, kiwambo cha sikio. Kiwambo kinavitikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku kinasukuma mrija uliojaa maji, uliojisokota kama ganda la konokono wa baharini. Ndani ya mrija zimepangwa seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Zile za mwanzoni mwa mrija huitikia sauti nyembamba ya zumari, na zile za mwisho kabisa huitikia mngurumo wa vumi. Kinyweleo kinapoinama, umeme mdogo huzaliwa na kushika njia ya neva.

Hapa nisimame niseme neno moja. Seli hizo mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena maisha yake yote. Kwenye sherehe yenye spika ndefu kuliko baba yako, usisimame mbele yake. Na spika za masikioni nazo, punguza sauti. Nawaombeni sana.

Tuendelee. Umeme unapanda kwenye shina la ubongo, unafika kwenye gamba la ubongo pembeni mwa kichwa, juu kidogo ya sikio. Huko ndiko sauti hupambanuliwa: hii nene, ile nyembamba, hii zumari, ile kayamba. Mtu angedhani safari imeishia hapo, kwa kuwa sauti imeshasikika. Zamani wengi walidhani hivyo.

Kisha wanasayansi wakawalaza watu ndani ya mashine za kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha midundo, wakawaomba watulie tuli wasisogeze hata kidole. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007 na 2008. Pamoja na sehemu za kusikia, ziliamka pia sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili: vifundo vya seli vilivyo ndani kabisa, ubongo mdogo ulio kisogoni, na eneo la juu linaloiandaa misuli kabla hatujanyanyua mguu. Watu wamelala kimya, wala hawachezi, na bado ubongo wao ulikuwa ukiitayarisha miguu.

Basi mtazameni msichana wetu. Bado amejibanza ukutani, bado anasema moyoni kwamba ngoma hii haijui, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimeanza kugonga mchanga. Hakukiamuru.

Kwa nini ubongo uihusishe miguu katika kazi ya masikio? Jaribuni hivi, mtapata sehemu ya jibu. Mmoja apige meza kwa mwendo ulio sawa, si haraka si polepole, karibu mapigo mawili kwa sekunde. Mwingine apige pamoja naye. Mtaona ni rahisi. Lakini fikirini: mtu akisikia mlio wa ghafla na kutakiwa apige meza, hutumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla mkono haujashuka. Kwa hiyo kama mngekuwa mnangoja kusikia pigo ndipo mpige, mngechelewa kila mara. Hamchelewi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 watafiti wamekuwa wakipima jambo hili, nao huona kwamba mara nyingi kidole cha mtu hutangulia pigo kidogo. Ubongo haukulisubiri pigo. Ulilitabiri, ukaenda kulipokea njiani.

Huu ndio moyo wa habari yangu ya leo, na msiuache upite. Kusikiliza ngoma ni kutabiri. Kila pigo la vumi likishuka, ubongo umeshasema "linakuja, linakuja, hili hapa", na inaonekana hutumia mashine ile ile unayoitumia kukadiria hatua yako ijayo unapotembea.

Uwezo huu tunaanza nao mapema mno. Mwaka 2009 István Winkler na wenzake wa Budapest, nchini Hungaria, waliwawekea watoto wachanga waliokuwa wamelala vifaa vya kupimia umeme wa ubongo. Watoto hao walikuwa na siku mbili tatu tu duniani. Wakapigiwa mdundo unaojirudia, na mara moja moja pigo zito la mwanzo likaachwa kwa makusudi. Kila lilipokosekana, ubongo wa mtoto ulionyesha kushtuka: mbona pigo langu halikuja? Mtoto hajaweza hata kuinua shingo yake.

Wanyama wengi hawana jambo hili, ingawa wachache wametushangaza. Yuko kasuku mweupe, huko Marekani, aitwaye Snowball, ambaye Aniruddh Patel na wenzake walimpima mwaka 2009 wakathibitisha kwamba anafuata mdundo, na ukibadilishwa kasi naye hubadilika. Mwaka 2013 simba wa baharini aitwaye Ronan, huko California, alionyesha kwamba amefundishika kutikisa kichwa kwa mdundo. Lakini mkusanyiko mzima unaokesha ukiweka mguu chini kwa wakati mmoja, huo mimi nimeuona kwa watu tu.

Utabiri una malipo yake. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, pamoja na wenzao wa Montreal nchini Kanada, waliwaita watu wajiletee wenyewe nyimbo zinazowasisimua mpaka vinyweleo vya mikono vikasimama. Wakapima kinachotokea ndani ya ubongo. Waligundua kwamba kilele cha wimbo kinapofika ubongo humwaga dopamini, kemikali ile ile inayohusika tunapopata chakula tukiwa na njaa. Na haikumwagwa kileleni tu. Sekunde kadhaa kabla ya kilele, wakati mtu anajua kwamba kinakuja, ilikuwa imeshaanza kutoka katika sehemu nyingine ya jirani. Mpiga zumari hodari analijua hili bila mashine yoyote. Anaivuta sauti moja, anaivuta, anawanyima watu kile wanachokingoja, na anapoiachia uwanja wote hupiga vigelegele.

Sasa turudi uwanjani, maana hapa ndipo pigo linapofanya kazi yake kubwa. Bibi mwenye leso hakungoja ruhusa. Amemshika msichana mkono, amemwingiza kwenye duara. Kushoto kwake yuko bibi, kulia yuko msichana wa rika lake asiyemjua jina. Duara linazunguka. Mara ya kwanza anakanyaga vibaya, mara ya pili vibaya, mara ya tatu mguu wake unashuka pamoja na miguu yote.

Ndani ya kichwa chake linatokea jambo la ajabu. Kila siku ubongo una njia ya kujua kipi ni mwili wangu na kipi si changu: ninachokisogeza kikisogea papo hapo nilipotaka, ni changu. Mkono wangu hutii hivyo. Mkono wa jirani hautii. Lakini katika ngoma, bega la jirani linapanda wakati ule ule langu linapopanda, na mguu wa bibi unashuka wakati ule ule wangu unaposhuka. Wote tunatabiri pigo moja. Baadhi ya wanasayansi, akiwemo Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, wanaeleza kwamba hapo mpaka kati ya mimi na wewe hulegea. Ubongo huanza kumhesabu jirani karibu zaidi kuliko kawaida.

Maneno mazuri, mtasema, lakini yamepimwa vipi?

Yamepimwa kwa watoto. Mwaka 2014, huko Kanada, Laura Cirelli na Laurel Trainor waliwachukua watoto wa miezi 14, kila mmoja akabebwa na kuchezeshwa juu chini kwa muziki huku akitazamana na mtu mzima mgeni. Wengine walichezeshwa sawasawa na mwendo wa mgeni yule, wengine kwa mwendo usiolingana naye. Kisha mgeni akaangusha vitu "kwa bahati mbaya" na kujifanya hawezi kuvifikia. Watoto waliocheza naye kwa mwendo mmoja walimwendea na kumwokotea mara nyingi zaidi. Miezi 14! Bado wanajifunza kutembea.

Yamepimwa kwa wakubwa kidogo pia. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello wa Leipzig, Ujerumani, walichezesha watoto wa miaka minne wawili wawili. Wengine walicheza mchezo wenye kuimba na kupiga ala pamoja, wengine mchezo ule ule bila muziki. Baadaye walioimba pamoja walisaidiana zaidi mmoja wao alipopata taabu.

Nami nina jaribio ninalolipenda kuliko yote, pengine kwa sababu lilifanyika kisiwani. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka Marajó, kisiwa kikubwa kilicho penye mlango wa mto Amazon, Brazil. Waliwachezesha ngoma wanafunzi 264. Vikundi vingine vilicheza mitindo ile ile kwa wakati mmoja, vingine kila mtu na mtindo wake. Vingine vilicheza vimesimama kwa nguvu zote, vingine vikiwa vimeketi vikipunga mikono tu. Kabla na baada, kila mwanafunzi alifungwa mkononi ule mkanda wa kupimia presha hospitalini, ukajazwa upepo polepole mpaka aseme basi, nimeumia. Kwa nini mkanda? Kwa sababu ubongo una dawa zake za maumivu, endofini, ambazo ni vigumu kuzipima moja kwa moja. Mtu akivumilia mbano mkubwa zaidi kuliko mwanzo, ni dalili kwamba zimemwagika. Waliocheza kwa mwendo mmoja walivumilia zaidi. Waliocheza kwa nguvu nao walivumilia zaidi. Na makundi yote hayo mawili yalisema yanajiona karibu zaidi na wenzao.

Basi mkiona mtu amekesha uwanjani Msambweni, miguu imevimba, na bado anasema hajachoka, msidhani anawaongopea.

Kuimba nako kuna siri yake. Mwaka 2013, Gothenburg nchini Uswidi, Björn Vickhoff alipima mapigo ya moyo ya vijana wa miaka 18 waliokuwa wakiimba kwaya. Mioyo yao ilienda mbio na kupunguza mwendo pamoja. Sababu ni pumzi: wimbo unawapangia wote mahali pa kuvuta na mahali pa kutoa, na moyo huifuata pumzi. Nikisikia wanafunzi wa madrasa wakiimba kasida kwa matari wakati wa maulidi, mstari mmoja mrefu kwa pumzi moja, huwa nawaza juu ya mioyo yao, inavyopanda na kushuka pamoja bila wao kujua.

Wazee wetu hawakuwa na mkanda wala mashine, ila kazi waliijua. Chombo kizito kikishushwa baharini, hakivutwi kimya kimya. Mmoja huita, wengine huitikia, na nguvu za wote huangukia sekunde moja. Mwito wa namna hiyo, "Harambee!", ndio uliofanywa wito wa taifa la Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963. Na mwaka huo huo, nchi ilipohitaji wimbo wake, kamati ya watu watano, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, ilichagua muziki wa pwani, wimbo wa Wapokomo wa mto Tana ambao akina mama waliwabembelezea watoto. Kila asubuhi ya gwaride, mnaposimama bendera ikipanda, mnaimba sauti iliyoanza kwenye mapaja ya mama wa Kipokomo. Mimi naona walichagua vyema kupita kiasi. Mwaka 2021 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba watoto wachanga wakiimbiwa nyimbo za kubembeleza za nchi ngeni, kwa lugha wasiyoijua kabisa, mioyo yao hupunguza mwendo na kutulia.

Lakini nisiwadanganye kwamba ngoma ni njema tu. Nguvu ya kuunganisha haina macho. Majeshi hutembezwa kwa mdundo ili askari wawe kitu kimoja, na waliounganishwa hivyo wanaweza kuelekezwa dhidi ya jirani yao. Na huku kwetu Kwale mnaijua disko matanga, ile inayopigwa usiku penye msiba kwa jina la kuchangisha pesa. Wakuu wa serikali wameipiga marufuku tena na tena, kwa sababu ya madhara waliyoyapata watoto, hasa wasichana. Ubongo wenu utaumwagia mdundo ule dopamini ile ile. Hautauliza nani kaweka spika, wala anataka nini, wala ni saa ngapi. Hayo inabidi muyaulize ninyi wenyewe, kabla hamjaingia kwenye duara, maana mkishaingia kuuliza ni kugumu. Mkiona uwanja hauna bibi hata mmoja, rudini nyumbani.

Sasa nina kazi ya kuwapa. Majaribio mengi niliyowasimulia yalifanyika mbali, kwa watu wasioijua sengenya wala kayamba. Ninyi mnavyo vyote viwili, na mna ufuo. Shule zikifunguliwa na wanafunzi wapya wamekuja, tafuteni 10 wasiojuana vizuri. Kila mmoja achore kwenye daftari maduara mawili, moja ni yeye, jingine ni wenzake, mbali au karibu kadiri anavyohisi. Wanasayansi nao hutumia michoro ya namna hiyo. Asionyeshe mtu. Kisha watano watembee ufuoni kwa mdundo wa kayamba, mguu kwa mguu, na watano watembee umbali ule ule, wakipiga soga lakini bila mdundo. Wakirudi wachore tena kwenye ukurasa mwingine. Pimeni kwa rula nafasi kati ya maduara, kabla na baada, muandike hata kama hayakusogea. Siku ya pili badilishaneni, waliotembea na kayamba watembee bila kayamba. Na siku ya tatu wekeni kayamba chini, pigeni muziki wa simu wenye mwendo huo huo, mpime kama maduara yatasogea vile vile hata pasipo mkono wa kutikisa ala.